Binti yangu ana selimundu na anasoma riwaya za vijana wanaokufa. Nimnyang'anye?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kanyenye hapa Tabora mjini, na kazi yangu ni ushonaji. Safu yako naisoma siku zote, lakini sikuwahi kufikiri kwamba nami nitakuandikia. Leo nimejikaza, maana usingizi umekuwa wa shida.

Binti yangu mkubwa ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Ana selimundu. Tuligundua akiwa bado hajaacha kunyonya, vidole vya mikono na miguu vilipovimba vyote kwa pamoja na akalia usiku kucha. Tangu hapo maisha yetu ni kliniki, vidonge vya foliki, kujihadhari na malaria, na usiku wa maumivu. Akibanwa usiku huwa nawasha pasi ya mkaa. Nina vipande vya flana nimevitenga kwa kazi hiyo tu: nakipasi kimoja, najaribu joto lake shavuni mwangu, namwekea gotini, kikianza kupoa naweka kingine, hivyo hivyo mpaka dawa ya maumivu ishike. Kulazwa na kuongezewa damu tumeshazoea, kama mtu anaweza kuzoea jambo hilo.

Huyu mtoto anapenda kusoma kupita kiasi. Tangu mwaka jana rafiki yake amekuwa akimrushia kwenye simu riwaya za Kiingereza zinazohusu vijana wagonjwa. Alianza na moja inaitwa The Fault in Our Stars, ya msichana mwenye saratani, akaisoma akairudia, na filamu yake akaitazama kwa huyo rafiki. Alirudi macho mekundu. Baada ya hiyo akatafuta nyingine na nyingine: huyu moyo mbovu, yule mapafu, wanapendana, halafu mmoja anakufa. Mimi Kiingereza changu ni cha kusoma maelezo kwenye boksi la dawa, kwa hiyo nayapata haya kwa kumdodosa mdogo wake.

Kilichonivunja nguvu ni hiki. Nilikuwa natandika kitanda chake nikakuta kaunta buku chini ya godoro. Nikaifungua. Kumbe anaandika hadithi. Kuna msichana wa Tabora mwenye selimundu, anataka kupanda treni kwenda Kigoma alione Ziwa Tanganyika kabla hajafa. Kuna mvulana ndani yake. Na kuna mama mshonaji. Nimesoma kurasa chache tu, ila sentensi moja sitaisahau: "Mama anafikiri cherehani inaficha kilio chake." Nilirudisha lile daftari nikakaa chini sakafuni.

Nilimwambia baba yake. Akasema vitabu vifutwe kwenye simu na hilo daftari lichomwe, kwamba mtu anayeandika habari za kufa kwake anakiita kifo mlangoni. Shangazi, mume wangu si mtu mbaya, anampenda sana huyu mtoto, ndiye aliyembeba mgongoni kwenda hospitali usiku wa mvua. Ila hataki kabisa kusikia neno kifo ndani ya nyumba. Mama mkwe naye hachoki kusema kwamba ugonjwa huu kwao haupo, umetoka kwetu.

Kuna siku binti aliniuliza, "Mama, ni kweli watu kama mimi hawafiki miaka ishirini?" Nikamjibu, "Usiniletee uchuro." Hakuuliza tena. Na sasa nimegundua vidonge havipungui inavyotakiwa. Nikimuuliza anasema amechoka kumeza.

Je, nimnyang'anye hivyo vitabu? Nimwambie kwamba nimesoma daftari lake? Na lile swali la miaka nilijibuje?

Mama mshonaji, Kanyenye, Tabora

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na hongera kwa miaka yote hiyo ya kupasi flana usiku.

Nianze na vidonge, maana hivyo havisubiri tumalize mazungumzo ya vitabu. Mtoto wa miaka 16 anaposema amechoka kumeza dawa, mara nyingi amechoka kweli. Amemeza tangu hajajua kuongea, wenzake hawamezi, na hakuna siku ataambiwa basi, dozi imekwisha. Vijana wenye kisukari na wenye VVU wanapita hapo hapo. Lakini kuna kuchoka kwa namna nyingine, kwa mtu anayeona hakuna haja ya kujitunza ikiwa mwisho wake umeshapangwa. Mimi nikiwa huku siwezi kujua binti yako yuko kwenye kuchoka kupi. Wewe unaweza, kwa kumuuliza waziwazi, mkiwa wawili: "Mwanangu, kuna wakati unatamani usingekuwepo? Unawaza kujidhuru?" Najua maneno hayo ni mazito kutamka. Usiogope kwamba utamtia wazo ambalo hakuwa nalo; wataalamu wa afya ya akili wanasema kuuliza hakupandi wazo hilo, na mara nyingi humpa mtu nafasi ya kupumua. Akikujibu ndiyo, au ukimwona amejitenga, hali chakula, anagawa vitu vyake anavyovipenda, usimwache peke yake na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo, umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi. Akikujibu hapana, mshukuru kwa kukuambia, kisha muulize dawa ipi hasa inamchosha na kwa nini. Huenda ni kichefuchefu, huenda ni aibu ya kuonekana akimeza, na hayo kliniki wanaweza kuyatafutia njia.

Sasa vitabu. Usimnyang'anye, na daftari lisiguswe na moto.

Nitakueleza hicho kitabu kina nini, maana mzazi akijua mwanawe anasoma nini hofu hupungua, au angalau inakaa mahali pake. Kiliandikwa na Mmarekani, John Green, kikatoka mwaka 2012, na filamu yake ikafuata mwaka 2014. Msimulizi ni Hazel, msichana wa miaka 16 kama binti yako, mwenye saratani ya tezi ya shingo iliyosambaa hadi kwenye mapafu. Anatembea na mtungi wa oksijeni. Kwenye kikundi cha vijana wagonjwa anakutana na Augustus, kijana aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa. Wanapendana, ndiyo. Mmoja wao anafariki, ndiyo. Lakini mapenzi na kifo ndiyo sehemu ambayo watu wanaisimulia, na ndiyo iliyokufikia wewe kupitia kwa mdogo mtu. Kuna sehemu nyingine ambayo, nikiitazama barua yako, nadhani ndiyo iliyomfanya binti yako arudi ukurasa wa kwanza na kuanza upya.

Hazel ana riwaya anayoipenda kuliko zote, ya msichana mwingine mgonjwa, na riwaya hiyo inakatika katikati ya sentensi. Anasafiri mpaka Amsterdam kumtafuta aliyeiandika ili amuulize maswali. Na swali analolishikilia zaidi halimhusu yule msichana mgonjwa. Anataka kujua mama yake yule msichana aliishia wapi. Je, alipata maisha baada ya mwanawe kuondoka? Hazel anauliza hivyo kwa sababu miaka ya nyuma, akiwa amezidiwa kitandani, alimsikia mama yake mzazi akilia kwamba hatakuwa mama tena. Neno hilo limemkaa. Anajiona kama bomu la mkono litakalolipuka siku moja na kuwaumiza waliomzunguka, hata anataka kujitenga nao ili wasiumie sana. Karibu na mwisho ndipo anagundua mama yake amekuwa akisoma kimyakimya ili awe mfanyakazi wa ustawi wa jamii, na alimficha binti kwa kuogopa ataona kwamba nyumbani wanajiandaa kwa maisha bila yeye. Hazel anafurahi mno. Ni habari njema kuliko zote alizowahi kupewa na mzazi wake: kwamba mama ataendelea kuishi.

Rudi sasa kwenye ile sentensi ya cherehani. Binti yako amekusikia. Amekusikia miaka mingi, na anakubeba. Wewe unafikiri anasoma habari za kufa kwake, na mimi nadhani anahangaika kujua wewe utakuwaje. Hilo hawezi kukuuliza usoni, maana lile dogo zaidi aliloliuliza uliliita uchuro. Kwa hiyo ameliuliza kwenye karatasi.

Sisemi hivyo kukulaumu. Uchuro ni neno la mama aliyeogopa, na nyumba nyingi za Unyamwezini, kama za kwingine, zimelelewa hivyo, kwamba baya halitajwi. Lakini mtoto mgonjwa asipopata mtu wa kuzungumza naye, atampata kwenye kitabu. Hazel amemjibu saa ambazo watu wazima wote wa nyumba yake wamenyamaza. Ukimnyang'anya Hazel, atabaki na nani?

Hata hivyo riwaya hizi zina kasoro, na ni vizuri uijue. Wengi wanaoandika riwaya za vijana wagonjwa huona kifo ndicho mwisho unaouza machozi. Mgonjwa anakuwa mwema mno, anasema maneno ya hekima, anakufa, na wazima wanabaki wamejifunza kitu. Ni nadra kukuta kijana anayeamka saa kumi na moja kupanga foleni ya kliniki, akirudi ana jaribio la fizikia, anagombana na mdogo wake juu ya ndoo ya maji, na mwisho wa kitabu bado yupo, ana kadi ya kliniki mkononi na mwaka mwingine mbele yake. Vitabu vyetu wenyewe havijamsaidia sana. Miaka mingi wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne walisoma tamthilia ya Kilio Chetu ya Medical Aid Foundation. Ni kazi iliyookoa vijana wengi kwa kuwafungua macho kuhusu UKIMWI wakati wazazi wanaona haya kusema. Lakini humo ugonjwa unamfikia kijana aitwaye Joti kwa mambo aliyoyafanya. Msichana aliyezaliwa na ugonjwa wake, ambaye hakufanya lolote, atajiona wapi humo?

Hapo niseme neno juu ya mama mkwe wako, kwa heshima zote. Jina la kile kitabu limetokana na Shakespeare, kwenye ile tamthilia ya Juliasi Kaizari ambayo Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha hapa hapa Tabora, aliitafsiri kwa Kiswahili. Kasio anamwambia Bruto kwamba kosa haliko kwenye nyota zao, liko kwao wenyewe. Mwandishi wa riwaya amelipindua neno hilo: kwa mtoto mwenye saratani, kosa si lake wala si la mtu. Na kwa selimundu ni hivyo hivyo. Mtoto hapati ugonjwa huu kutoka upande mmoja. Anarithi kwa baba na kwa mama kwa pamoja. Wewe unabeba kipande kimoja cha urithi wa ugonjwa huu, yaani jeni, mumeo anabeba kipande, nyote wawili hamuugui, na kila mimba yenu ina nafasi moja kati ya nne kumpata mtoto mwenye ugonjwa. Nafasi mbili kati ya nne mtoto atabeba kama ninyi bila kuugua, na moja hatakuwa nacho kabisa. Sababu ya kipande hicho kuenea sana kwenye nchi zenye malaria kama yetu ni kwamba anayebeba kimoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, hivyo wazee wetu waliokibeba waliishi wakazaa. Kwa mumeo kipo. Kwa hiyo kwao kipo, hata kama hakikuwahi kupewa jina. Mwambie mumeo hilo mkiwa wawili, na umwachie yeye alipeleke kwa mama yake.

Swali la miaka. Si kweli kwamba watu wenye selimundu hawafiki ishirini. Maneno hayo yana asili yake: pasipo vipimo na matunzo, watoto wengi wenye ugonjwa huu walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano, na mpaka leo wapo wanaokufa hivyo, kwa malaria, kwa maambukizi, kwa upungufu wa damu, wengine bila hata kujulikana walikuwa nao. Binti yako ameshavuka kipindi hicho kigumu kuliko vyote, na amevuka kwa mikono yako. Muhimbili kuna utafiti ulioanza mwaka 2004, ukiongozwa na Profesa Julie Makani, uliofuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu, na watu wazima wamo. Wapo wanaofanya kazi, wapo waliooa na kuolewa, wapo wanaolea. Hivyo ndivyo umjibu. Na usimwahidi kwamba hatakufa mapema, maana hujui wala mimi sijui, na mtoto wa umri huo anajua mtu anapomdanganya kwa mapenzi. Mwambie: "Uliniuliza nikaogopa. Niliambiwa na mimi maneno hayo. Si kweli. Twende kliniki tukaulize wote wawili kuhusu hali yako wewe."

Mkifika, ulizeni habari za haidroksiyurea kama hajaanza kuitumia, maana kwenye barua umetaja foliki peke yake. Foliki husaidia mwili kutengeneza damu mpya, lakini haizuii seli nyekundu kugeuka umbo la mundu na kuziba mishipa midogo, na huko kuziba ndiko kunakoleta yale maumivu ya usiku. Haidroksiyurea huuamsha mwili utengeneze zaidi ile aina ya damu ambayo mtoto huwa nayo tumboni, na damu hiyo haigeuki mundu. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda: waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, na malaria, na kuongezewa damu, na vifo vilipungua pia. Si dawa ya kununua dukani na kujianzishia. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, ina masharti yake kwa anayetarajia mimba, na daktari ndiye atakayeamua. Lakini muulize, na umwache binti aulize mwenyewe. Ana miaka 16. Muda si mrefu atatoka kwenye huduma za watoto aingie za wakubwa, na huko hakuna mama wa kumsemea. Aanze sasa kushika kadi yake na kueleza maumivu yake kwa mdomo wake.

Zile dalili za kukimbilia hospitali nadhani unazijua kuliko mimi, ila wasomaji wengine wana watoto kama wako: homa, kifua kubana na pumzi kuwa fupi, weupe wa ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea au maneno kukwama mdomoni. Hapo pasi na flana ziwekwe pembeni.

Shuleni, mwombe daktari akuandikie barua. Aruhusiwe chupa ya maji darasani na aende msalani bila kuomba mara mbili, maana wagonjwa wa selimundu wanahitaji kunywa sana na hukojoa sana. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba za hapa Tabora, zile za upepo mkavu wa baridi, asilazimishwe kuvua sweta paredi. Asipewe adhabu za kukimbia au kupiga magoti juani. Lakini asisamehewe masomo, na wewe usiombe hivyo kwa niaba yake.

Kuhusu daftari: mwambie. Usingoje aone lilivyokaa vibaya chini ya godoro, huenda ameshaona. Mwambie ulilikuta ukitandika, ukafungua, ukasoma kurasa chache, na kwamba hukupaswa kusoma bila ruhusa yake. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki. Baadaye, siku nyingine akiwa ametulia, mwombe akusomee kidogo anachopenda kukusomea. Akikataa, basi. Na kile kitabu cha Kiingereza mwombe akusimulie wakati unashona, kipande leo kipande kesho. Lugha haitakuzuia, yeye ndiye mkalimani, na utashangaa mtoto mgonjwa anavyobadilika pale anapokuwa yeye ndiye anayejua na mama ndiye anayeuliza.

Akikubali kukusomea hadithi yake, nakuomba jambo moja. Usimwambie abadilishe mwisho. Yule msichana wake akifa, amwache afe. Ni msichana wa kwenye daftari, na kumwandika ni njia ya binti yako kulishika jambo linalomtisha akalitazama pande zote. Wewe muulize swali la Hazel: "Na yule mama mshonaji, anakuwaje?" Halafu umsikilize. Na akikugeuzia swali wewe, usikwepe. Mwambie kweli yako. Kwamba ungeumia sana, na kwamba ungeendelea kushona, na mdogo wake angekula na kusoma, na yeye hana deni la kubaki hai kwa ajili yako. Utalia ukisema. Lia mbele yake, maana anakusikia hata ukijificha.

Mwambie pia, kama atapenda kusikia, kwamba wewe hukuona kwenye kurasa ulizosoma mambo unayoyajua: harufu ya flana ikipata moto, foleni ya maabara, muuguzi anayejua mshipa wake mzuri uko mkono gani. Hayo Mmarekani hawezi kuyaandika. Huyo John Green mwenyewe mwaka 2025 alitoa kitabu kingine, safari hii si riwaya, kuhusu kifua kikuu, na ndani yake yumo kijana wa Sierra Leone aliyeugua kile kifua kikuu sugu kinachokataa dawa za kawaida. Kijana huyo alipata dawa sahihi, akapona. Vitabu vya wanaopona na vya wanaoishi nao vipo, vichache, na binti yako anaweza kuongeza chake.

Yule mvulana wa kwenye hadithi umemtaja ukampita haraka, nami nakuelewa. Kuwaza mapenzi akiwa na miaka 16 ni dalili kwamba anajiona ana kesho. Zungumza naye kama ungezungumza na binti yeyote, ongeza moja tu: siku akifikia kutaka kuzaa na mtu, huyo mtu apimwe kwanza kama naye anabeba kile kipande cha selimundu.

Mumeo usimshinde kwa maneno. Baba aliyembeba mtoto mgongoni usiku wa mvua hawezi kukubali kirahisi kwamba kuna jambo hawezi kumbebea. Mwombe siku ya kliniki afuatane nanyi, aingie ndani kwa daktari, asikae nje kwenye benchi. Binti aulize lile swali la miaka mbele yake na daktari ajibu mbele yake. Naamini habari ya kuchoma daftari itakwisha yenyewe baada ya hapo, na isipokwisha niandikie tena.

Halafu umesema una watoto wawili, na huyu mdogo hukueleza kama ameshapimwa. Mchukue siku hiyo hiyo, naye atolewe damu.

Shangazi